Silaha Sokoni, Risasi Porini: Kibali katika Fiqhi na katika Historia Yetu

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na swahaba zake. Ama baada:

Ijumaa moja, katika msikiti mmoja hapa Buguruni, mtu aliyekuwa safu ya mbele yangu aliporukuu bastola ilimtoka kiunoni ikaanguka kwenye jamvi. Aliiokota, akaifunika kwa kanzu na kuendelea na swala. Baada ya salamu watu walimlaumu. Akajitetea kwamba anayo leseni, na kwamba Mtume (s.a.w.) alihimiza kulenga shabaha. Kijana mmoja akadakia: kama kulenga ni sunna, leseni ya serikali ni ya nini? Mwingine akauliza juu ya nyama ya porini iliyopigwa risasi. Niliwaahidi jibu la maandishi, na jibu lenyewe ni hili.

Kulenga shabaha na adabu zake

Hoja ya mwenye bastola ina asili. Katika Sahihi Muslim, Uqba bin Amir (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.), akiwa juu ya mimbari, aliifasiri nguvu iliyotajwa katika Suratul Anfal, aya ya 60, kuwa ni kurusha mishale. Na Bukhari amepokea kwa Salama bin Al-Akwa' (r.a.) kwamba Mtume aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga, akawatia moyo. Basi uwanja wa shabaha, uwe wa jeshi au wa mtu binafsi, si jambo geni katika dini yetu.

Lakini Mtume huyo huyo aliamrisha, kwa mapokezi ya Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.) katika Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kupita na mishale katika misikiti au masoko aishike ncha zake kwa mkono, asije akamdhuru Muislamu. Alikataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, kwani hajui huenda shetani akauvuta mkono wake. Alikataza pia kupokezana upanga uliochomolewa alani. Na Ibn Umar (r.a.) alipowakuta vijana wa Kikuraishi wamemweka ndege wakimlenga, aliwaeleza kuwa Mtume amemlaani mwenye kukifanya chenye roho kuwa shabaha.

Tazama ndugu msomaji: msikiti na soko vimetajwa pamoja, kwa sababu ndiko watu wanakobanana. Hali hiyo ndiyo ya soko letu la Buguruni na ya Kariakoo kila siku. Ikiwa mshale, usiotoka bila kuvutwa upinde, umewekewa sharti, bastola yenye risasi ndani ina haki zaidi ya kuwekewa. Kama ile iliyoanguka ingefyatuka na kumuua mwenye kuswali, hukumu ingekuwa ya kuua kwa makosa, yaani diya na kafara, na leseni isingemwondolea mwenyewe hata kimoja. Aliyeichukua sunna ya kulenga akaiacha sunna ya kushika ncha, amechukua nusu.

Bunduq ya vitabuni na bunduki yetu

Swali la nyama linataka uangalifu wa lugha. Neno letu bunduki limetokana na Kiarabu bunduq. Asili yake ni aina ya kokwa. Kisha likatumika kwa vidonge vya udongo vilivyorushwa kwa upinde kuwindia ndege, na baadaye likahamia kwenye silaha ya baruti. Mwanafunzi anayesoma kwamba Ibn Umar alimhesabu mnyama aliyeuawa kwa bunduqa kuwa ni mawqudha, yaani aliyekufa kwa kipigo, aliyeharamishwa katika Suratul Maida, aya ya 3, ajue kuwa makusudio ni kidonge cha udongo. Msingi wake ni hadithi ya Adiy bin Hatim (r.a.): kilichotobolewa kwa ncha huliwa, kilichouawa kwa uzito wa ubavu wa kigongo hakiliwi.

Risasi ya baruti ilipokuja, wanavyuoni walitofautiana. Ibn Hajar Al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 Hijria, na ambaye Tuhfa yake ni tegemeo la sisi Mashafii wa pwani, aliharamisha kuipiga windo kwa risasi ya chuma irushwayo kwa moto, kwa kuwa huunguza na kuua upesi. Alimtoa katika hukumu hiyo mjuzi mwenye uhakika wa kupiga bawa la ndege mkubwa. Ash-Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1250 Hijria, alisema risasi hutoboa, basi ni kama mshale, na windo lake ni halali. Wamaliki wengi wa baadaye wameelekea huko, na ndiyo rai ya wanavyuoni wengi wa leo.

Kwa hiyo mwindaji wetu ataje jina la Allah anapofyatua. Kwetu Mashafii ni sunna, kwa wengine ni sharti kwa anayekumbuka. Akimkuta mnyama yu hai, amchinje. Kwa kufanya hivyo atakuwa ametoka katika khitilafu.

Hima ya Umar na amri ya Wissmann

Tunabaki na swali la kibali. Wanyama wa porini kwa asili ni mubaha. Anayewapata ndiye mwenyewe. Je, mtawala ana haki ya kuzuia?

Allah Mwenyewe ameharamisha kuwinda nchi kavu kwa aliyehirimia, na uwindaji umeharamishwa katika haram ya Makka na ya Madina. Mtume (s.a.w.) aliitenga An-Naqi' kuwa hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa, na Umar (r.a.) alitenga Ash-Sharaf na Ar-Rabadha. Lakini angalia wasia wa Umar kwa msimamizi wake, Hunayy: awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Awf na ya Uthman bin Affan, kwani hao wakifiwa na mifugo wana mitende na mashamba ya kurejea, ama maskini hana pengine. Zuio lilikuwa kwa ajili ya mnyonge.

Kwetu lilianza kinyume. Abushiri bin Salim Al-Harthi aliyewapinga Wajerumani pwani alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka 1890 Mkataba wa Brussels ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, magobore tu yakaachwa kwa masharti. Mataifa yaliyoigawa Afrika yalibaki na bunduki zao. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyodai leseni ya kulipia na kutenga hifadhi za kwanza, mojawapo Rufiji. Mkulima aliyezoea kuwinda akawa mhalifu. Wako wanahistoria wanaozihesabu amri hizo miongoni mwa manung'uniko yaliyowasha Maji Maji mwaka 1905.

Dhuluma hiyo tuiseme wazi. Lakini ubaya wa chanzo haumpi Muislamu wa leo ruhusa ya kuvunja sheria. Kanuni ya fiqhi ni kwamba uendeshaji wa mtawala kwa raia hupimwa kwa maslaha. Serikali huru yenyewe ilisimamisha uwindaji mwaka 1973 hadi 1978. Leo ipo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kujua nani ana bastola, na kwa nini, ni kulinda nafsi, na hilo ni katika makusudio makuu ya sheria ya Kiislamu. Kinachobaki kwa wenye mamlaka ni kipimo cha Umar: je, mwana kijiji anayeishi kando ya pori anatazamwa kama mwenye kondoo wachache, au leseni ni ya Ibn Awf peke yake?

Majibu kwa ufupi

Mwenye bastola: leseni yako ni sawa, lakini usije nayo safuni ikining'inia. Ihifadhi salama kabla ya kutoka nyumbani.

Kijana wa kwanza: sunna ya kulenga haifuti kibali. Jifunze mahali panaporuhusiwa.

Kijana wa pili: nyama iliyowindwa sawasawa haigeuki mzoga kwa kukosa kibali, kama vile kuchinja kwa kisu cha kuiba kunavyosihi pamoja na dhambi. Lakini anayeinunua kwa siri anamsaidia mwenye dhambi, tena hajui kama ni swala au ngiri, wala jinsi alivyokufa. Tangu kanuni za 2020 yako mabucha ya nyamapori yenye kibali. Nenda huko, na hata huko uliza nani amewinda na nani amechinja.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.