Jando, Usafi na Kidonda cha Siri

Mficha uchi hazai, ndivyo wasemavyo Waswahili. Sisi wa pwani hii ya Tanganyika, toka Uvira mpaka Baraka, tunaijua methali hiyo tangu utoto. Lakini ikifika kwenye ugonjwa wa sehemu za siri za mwanaume, tunaisahau. Mtu anajikuna, anaona kidonda, ananyamaza. Tumeona vema tukumbushane namna mambo haya yalivyofundishwa zamani, na namna mafundisho yalivyopotea.

Kwa ndugu zetu Babembe, tohara iliitwa butende. Vijana walitengwa na kijiji, wakakaa pamoja chini ya wakubwa wao mpaka wapone. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, walikuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka Ujiji wamekwisha kuijua njia ya huku. Hao nao walikuwa na jando lao, na desturi ya dini yao ya kujisafisha kwa maji kila watokapo haja. Mila mbalimbali, lakini funzo moja: mwanaume aliujua mwili wake kwa kufundishwa na mwanaume aliyemtangulia.

Hatusifu kila kitu. Kisu kimoja kikipita kwa vijana wengi, kinaweza kubeba ugonjwa toka damu ya huyu kwenda ya yule. Tohara ilipohamia hospitali, mtoto angali mdogo, ilikuwa heri. Shida ni kwamba kisu kilihama peke yake, mafundisho yakabaki njiani. Leo kijana akiwashwa anauliza rafiki, halafu anakwenda farmasi ya sokoni kununua pomadi yoyote.

Hapo ndipo hatari ilipo, maana kuwashwa si ugonjwa mmoja. Fangasi ya kinena inapenda joto na jasho. Inafanya duara lenye ukingo wa magamba, na inatibiwa kwa pomadi ya fangasi, kujikausha vizuri na nguo safi. Upele unawasha zaidi usiku, unatoa vipele hata kwenye uume, na nyumba nzima hutibiwa siku moja. Zile pomadi za kujichubua zenye steroidi zinatuliza siku mbili tatu, kumbe fangasi inaenea chini kwa chini.

Kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi, tena kinapona chenyewe. Mtu anafurahi, kumbe ugonjwa uko damuni, utamfikia mke na mtoto tumboni. Penisilini, iliyoanza kutibu kaswende mwaka 1943, ingali inaiponya, ila bwana na bibi watibiwe wote wawili. Usaha wakati wa kukojoa, ile watu wanaita sopisi, nao ni wa kupeleka kwa muganga, kwa sababu dawa nyingi za zamani haziuweki tena ugonjwa huo.

Gharama ya kunyamaza tumeiona juzi tu. Mwishoni mwa 2023, Kamituga, mji wa dhahabu hapa Kivu Kusini, ulizuka mpox wa namna mpya. Ulienea kwanza hasa kwa watu wazima kwa njia ya kujamiiana, na wengi walikuwa na vidonda sehemu za siri. Mwaka 2024 ulifika Uvira, mwezi wa Julai ukagundulika Burundi, na tarehe 14 Agosti OMS ikatangaza dharura ya dunia. Dharura iliondolewa Septemba 2025, lakini ugonjwa wenyewe haukuwa umekwisha. Watoto pia waliambukizwa, kwa kugusana tu nyumbani. Fikirini baba anayeficha kidonda wiki moja: usiku analala na mke, asubuhi anabeba mtoto.

Hatusemi vijana warudishwe porini. Tunasema baba, mjomba na babu washike tena kazi yao. Mtoto akibalehe, mmoja wao amkalishe pembeni amwambie: "Mwanangu, siku ukiona kidonda huko, usione haya. Uniambie, tutaenda wote kwa muganga." Maneno hayo hayana bei, na hospitali haiwezi kuyasema mahali petu.