Asili ya Neno "Duff"

Waingereza na watu wa Australia wana neno la mzaha juu ya mwanamke mwenye mimba: husema yu "up the duff". Je, duff ni nini?

Hapo kale neno dough, maana yake unga uliokandwa, liliishia kwa sauti ya kooni mfano wa kh ya Waarabu. Baadaye wengi waliiacha sauti ile. Bali wengine, hasa wa kaskazini ya Uingereza, waliigeuza kuwa f, kama isikikavyo katika neno rough. Hivyo neno moja likazaa mawili, dough na duff.

Mabaharia nao wakakiita duff chakula chao cha unga uliofungwa katika kitambaa na kuchemshwa. Mmarekani Richard Henry Dana alikitaja katika kitabu chake cha mwaka 1840. Unga ule huvimba ndani ya kitambaa. Huenda ndipo tumbo la mama likafananishwa nao. Mwaka 1941 Sidney Baker aliyaandika maneno hayo katika kamusi yake ya maneno ya mitaani ya Australia.

Tazameni basi: wao walifanya mzaha. Lugha yetu husema mja mzito. Mja ni kiumbe wa Mungu, na uzito ni mzigo auchukuao. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sisi tusioujua, tumtaje kwa heshima, hasa yule asiye na mume wa kumtetea.