Wazee wa Meza: Wauzaji wa Treni Ndogo na Maarifa Yao

Leo niweke kando mambo ya seva na misimbo, niandike kuhusu wauzaji wa treni ndogo. Usicheke! Nazungumzia treni za mfano ambazo watu wazima, hasa Marekani na Ulaya, huziendesha juu ya reli zilizopangwa mezani. Kipimo kinachopendwa sana huitwa HO, yaani kila kitu ni sehemu moja ya 87 ya treni halisi. Historia ya watu wanaoziuza inamgusa kila anayeandika programu. Soma hadi mwisho utaona.

Tuanze na maonyesho yenyewe. Chama cha wakusanyaji kiitwacho Train Collectors Association kilianzishwa Marekani mwaka 1954. Tawi lake la mashariki huandaa maonyesho katika mji wa York, Pennsylvania, mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Kumbi hujaa meza, na kila meza ina mwenyewe. Wengine ni wanachama wanaouza vitu vyao vya nyumbani. Wengine ni wafanyabiashara wa miaka mingi: wikendi hii mji huu, wikendi ijayo mji mwingine, gari limejaa masanduku.

Mzee wa meza wa aina hii hakuuza bidhaa tu. Kampuni ya Lionel, iliyoanzishwa New York mwaka 1900, ilitoa vichwa vya treni vya aina nyingi mno. Ukimletea kimoja kilichokwama, atakigeuza, atazame mota, akwambie brashi zimekwisha au gia imelika, kisha avute droo akupe kipuri. Anajua kipuri cha miaka ile kinaingia kwenye kichwa gani, na kipi ni cha kuigiza kinachouzwa kama cha asili. Sisi wa tarakilishi tungemwita hifadhidata inayotembea. Shida ni kwamba hifadhidata hiyo haina nakala.

Sasa, ni nini kilibadilisha meza hizo? Mimi naona mambo matatu.

La kwanza ni viwanda. Zamani ungenunua sanduku la vipande, kwa mfano lile la buluu la Athearn wa California, ukaunganishe mwenyewe kwa bisibisi. Katika miaka ya 1990 Hornby ya Uingereza ilihamisha utengenezaji wake kutoka Margate hadi Uchina, na wengine wakafuata njia hiyo hiyo. Treni zikaja zimekamilika, nzuri kuliko zamani, lakini kwa mafungu madogo yanayoagizwa mapema. Fungu likiisha limeisha. Muuzaji hana tena droo ya vipuri, ana rafu ya masanduku yaliyofungwa.

La pili ni mtandao. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alianzisha mnada ambao baadaye uliitwa eBay. Kabla ya hapo, bei ilikuwa siri ya muuzaji: yeye alizunguka miji mingi, wewe ulijua mji wako tu. Baada ya hapo kila mtu aliweza kuona behewa lile lile limeuzwa shilingi ngapi wiki iliyopita. Vitu vilivyodhaniwa kuwa adimu vikaonekana vimejaa kwenye dari za nyumba za watu. Faida iliyotokana na kujua bei ikayeyuka.

La tatu ndilo letu: programu. Kwa mfumo wa zamani, ukiongeza umeme kwenye reli, kila treni iliyo kwenye reli hiyo inaongeza mwendo. Katika miaka ya 1990 chama cha NMRA, kilichoanzishwa 1935, kilipitisha mfumo wa kidijitali uitwao DCC, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani. Hapa reli ina umeme wakati wote, na ndani ya umeme huo zinapita amri zenye anwani. Kila kichwa kina chipu, iitwayo dikoda, inayosikiliza anwani yake tu. Ni kama pakiti za mtandao! Kwenye maonyesho wakaingia wauzaji wapya, wa chipu na programu.

Dikoda moja ina mipangilio mingi yenye namba, na kila mtengenezaji ana yake. Swali la mzee wa meza likarudi kwa sura mpya: namba ipi inafanya nini kwenye chipu ipi? Bob Jacobsen, mwanafizikia wa California, pamoja na wenzake wa kujitolea walilijibu kwa programu huria iitwayo JMRI. Waliandika faili zinazoeleza dikoda za watengenezaji mbalimbali, wakazitoa bure.

Mwuzaji mmoja wa programu za treni, Matthew Katzer, alimdai Jacobsen zaidi ya dola 200,000 akisema JMRI inavunja hataza yake. Jacobsen alikwenda mahakamani mwaka 2006. Ikajitokeza kuwa bidhaa ya kampuni ya Katzer ilikuwa imechukua faili za JMRI bila kutaja walioziandika, kama leseni ilivyotaka. Mahakama ya kwanza haikuona hapo suala la hakimiliki. Tarehe 13 Agosti 2008 mahakama ya rufaa iligeuza mambo: masharti ya leseni huria yanalindwa na sheria ya hakimiliki, hata kama programu inatolewa bure. Mwaka 2010 kesi iliisha kwa mapatano, na Katzer akakubali kulipa dola 100,000.

Hebu fikiria. Uamuzi ambao wanasheria wa programu huria hadi leo wanautaja ulitoka kwa watu wa treni za kuchezea!

Wakati huo huo wazee wanapungua. Maonyesho makubwa ya Warley, Birmingham, yalifanyika mara ya mwisho Novemba 2023. Januari 2024 duka la Hattons, lililoanzishwa Liverpool mwaka 1946, lilitangaza kufungwa. Kwenye meza zilizobaki utakuta makusanyo ya marehemu yakiuzwa kwa jumla, na kando yake vijana wanaouza vipande walivyochapa wenyewe kwa mashine za 3D.

Mimi silii kwa sababu meza zinabadilika. Muuzaji hubadilika mteja anapobadilika, hiyo ni biashara. Kinachoniuma ni kile kichwa cha mzee kinachojua gia ipi inaingia wapi. Kikiondoka bila kuandikwa, hakuna mnada utakaokirudisha. Faili za JMRI zimeonyesha kuwa inawezekana kuyaweka maarifa ya aina hiyo mahali ambapo kila mtu atayapata, na mahakama ikasema kazi hiyo ina wenyewe. Basi kama kuna mzee wa meza karibu nawe, wa treni, wa redio au wa cherehani, kaa naye uandike, ukiweka jina lake juu ya ukurasa.