Kupe: kutoka homa ya ng'ombe hadi mzio wa nyama

Lusahunga ni njia panda. Barabara inayotoka Kahama na Nyakanazi hugawanyika hapo, moja ikielekea Biharamulo na Bukoba, nyingine Ngara hadi daraja la Rusumo. Jirani yapo mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambayo mwaka 2019 yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Penye ng'ombe na nyati, kupe hakosi riziki. Tangu enzi za Wajerumani kiumbe huyu amekuwa akishtakiwa kwa kuchelewa, maana madhara yake huonekana akiwa ameshaondoka.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya mifugo. Mwaka 1897 daktari Mjerumani Robert Koch, akiwa Dar es Salaam, aliona vijidudu vidogo mno katika damu ya ng'ombe wagonjwa, akadhani ni homa ya Texas iliyokwisha kujulikana. Baada ya sotoka kufagia mazizi ya kusini mwa Afrika, ng'ombe wa pwani yetu walipelekwa huko, na mwaka 1902 kukazuka maradhi yaliyoua mifugo Rhodesia na Afrika Kusini. Koch aliitwa mwaka uliofuata, akavitambua vijidudu alivyoviona Dar es Salaam. Ilikuwa ndigana kali. Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa Koloni la Rasi, ndiye aliyethibitisha kwamba inaenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Ng'ombe huanza kuvimba tezi na kupata homa wiki mbili hivi baada ya kuumwa, kupe mwenyewe akiwa ameshadondoka malishoni.

Kesi ya pili ilikuwa ya binadamu. Wenyeji wa njia za misafara walijua zamani kwamba kung'atwa na papasi, aina ya kupe, huleta homa, na David Livingstone aliandika habari za papasi hao katika kitabu chake cha mwaka 1857. Wanasayansi walihitaji karibu nusu karne kukubali. Mwaka 1905 Koch alirudi, akachunguza papasi waliojificha katika udongo wa vibanda vya wasafiri, akagundua kwamba jike huwarithisha watoto wake vimelea kupitia mayai. Mwaka huohuo, kule Kongo, Joseph Dutton na John Todd walifikia jibu hilohilo. Dutton alifia Kasongo kwa homa aliyokuwa akiichunguza.

Kwa upande wa mifugo, josho likapata umuhimu wake, na baadaye ikaja chanjo ya ndigana iliyotengenezwa Muguga, Kenya. Ilionekana kama hesabu ya kupe imefungwa.

Kesi ya tatu ilifunguliwa katika hospitali za Marekani. Dawa ya saratani iitwayo cetuximab iliwaangusha baadhi ya wagonjwa wa Tennessee na North Carolina katika dozi ya kwanza kabisa, huku majimbo mengine yakiona visa vichache sana. Mwaka 2008 timu ya Thomas Platts-Mills wa Chuo Kikuu cha Virginia ilionyesha kwamba damu ya wagonjwa hao ilikuwa na kingamwili dhidi ya sukari iitwayo alfa-gali, iliyomo katika dawa hiyo, hata kabla ya kuipewa. Sukari hiyo imo pia katika ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Binadamu hana, wala kuku na samaki. Huko Sydney, daktari Sheryl van Nunen alikuwa ameshaona kwamba wagonjwa wake waliodhuriwa na nyama walikuwa wameumwa na kupe. Platts-Mills mwenyewe aliumwa na kupe matembezini mwaka 2007. Baadaye akala nyama ya kondoo, na usiku akaamka mwili umejaa vipele.

Hapa kupe amejificha mara mbili. Mate yake huufundisha mwili kuichukia sukari hiyo kwa wiki kadhaa, kisha mlo nao huchelewa kudhuru, mara nyingi saa mbili hadi sita. Aliyekula jioni huamka usiku akiwashwa, tumbo likimsokota, au pumzi ikimbana.

Afrika haiko nje ya habari hii. Utafiti mmoja ulikuta kingamwili hizo kwa watu wengi katika kijiji cha Kenya, ingawa kuwa nazo si lazima kudhurika. Katika Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, watu waliolalamikia nyama walilishwa nyama ya ng'ombe mbele ya madaktari, na wengi wakadhurika kweli.

Kwa mlaji wa Lusahunga, akiugua usiku baada ya nyama, lawama humwangukia muuzaji: ameuza kibudu. Wengine husema mgonjwa amelogwa. Muhuri wa mkaguzi una kazi yake, na kibudu ni hatari ya kweli, lakini mzio huu haukaguliki buchani. Nyama safi iliyoiva vizuri bado ina alfa-gali, kwani moto hauiondoi. Figo na mafuta huwa na nguvu zaidi, na makongoro yana jelatini, ambayo nayo huwadhuru baadhi ya watu.

Kwa hiyo swali la tabibu lisiishie kwenye chakula cha jana. Aulize pia: umewahi kuumwa na kupe katika miezi iliyopita? Anayebanwa pumzi anahitaji sindano ya adrenalini haraka. Anayepona aache nyama hizo kwa ushauri wa daktari na ajikinge na kupe, kwa kuwa kwa wengine mzio hupungua wasipoumwa tena. Josho lililojengwa kwa ajili ya ng'ombe, likiwa na dawa na maji, linaweza kumkinga mchungaji pia.