Barabara, Mfuko na Mkutano: Nani Anaitawala Dar es Salaam?

Novemba 2015, wiki chache baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba na kuagiza siku hiyo iwe ya usafi nchi nzima. Shilingi bilioni 4 zilizotengwa kwa ajili ya sherehe hizo zilielekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, kilomita 4.3 zilizokuwa zikiwatesa wakazi wa Dar es Salaam kwa foleni. Siku yenyewe ilipowadia, Rais alionekana akiokota taka nje ya Ikulu. Wengi walimpongeza, na ni vigumu kuwalaumu. Hata hivyo, anayechunguza serikali za mitaa hana budi kuuliza swali lisilopendeza. Barabara ile imo ndani ya Kinondoni. Ni kikao gani cha Kinondoni kilichozipanga barabara za eneo lake kwa uzito wa mahitaji, kikaona hiyo ndiyo ya kwanza? Hakukuwa na haja ya kikao. Barabara ilikuwa ya TANROADS, wakala wa barabara za kitaifa, fedha zilikuwa za Hazina, na sherehe iliyofutwa ilikuwa ya taifa. Halmashauri na wakazi wake waliachiwa fagio.

Tukio hilo halikuwa la ajabu. Lilionyesha mpangilio uliokwisha kuota mizizi, na ambao umezidi kukomaa tangu hapo. Serikali ya jiji popote duniani husimama juu ya mambo matatu: miundombinu inayoisimamia, fedha inazokusanya na kuzitumia, na mikusanyiko ambamo wananchi huikuta ana kwa ana. Hoja yangu ni kwamba Dar es Salaam mambo haya matatu yametenganishwa. Barabara zimekwenda kwa wakala, sehemu nono ya mapato imekwenda Mamlaka ya Mapato, na halmashauri zimebaki na mikusanyiko: mkutano wa mtaa, siku ya usafi, mapokezi ya Mwenge wa Uhuru. Sidai kwamba barabara zimekuwa mbovu zaidi kwa sababu hiyo. Mwenye macho anaona kuwa nyingi ni nzuri kuliko za miaka ya tisini. Ninachodai ni kwamba aliyechaguliwa hana cha kutoa, na mwenye cha kutoa hakuchaguliwa.

Tuanze na barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilizigawa barabara za nchi katika makundi mawili makubwa: za kitaifa, yaani barabara kuu na za mikoa, na za wilaya. Za kitaifa zilikuwa tayari mikononi mwa TANROADS, wakala ulioanzishwa mwaka 2000. Za wilaya, pamoja na mitaa yote ya mijini, zilikuwa za halmashauri. Mwaka 2017 zilihamishiwa kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, uliowekwa wakati huo chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Uhamisho huo haukupitia sheria mpya ya Bunge. Ulifanywa kwa tangazo la serikali chini ya Sheria ya Wakala za Serikali. Wahandisi wa halmashauri, magreda, mafaili ya zabuni, vyote vilihama. Hata ushuru wa maegesho ya magari katikati ya mji, ambao kwa miaka mingi ulikuwa chanzo cha uhakika cha mapato ya Jiji, ulihamia TARURA.

Waliotetea hatua hiyo walikuwa na hoja, na ni haki kuzieleza kwa nguvu zake zote. Fedha za barabara zilizopelekwa halmashauri zilikuwa zikipotea njiani au kubadilishiwa matumizi. Wahandisi walikuwa wachache, na wale waliokuwepo waliwajibika kwa mkurugenzi aliyekuwa na vipaumbele vingine kumi. Ubaya zaidi ulikuwa kwenye mgawanyo: kila diwani alitaka greda lipite katani kwake kabla ya uchaguzi, hivyo fedha ambazo zingetosha kuweka lami barabara moja ziligawanywa vipande vipande, kila kata ikapata kifusi kilichosombwa na mvua za masika yaliyofuata. Mtu aliyeishi Mbagala au Kimara miaka hiyo hahitaji kushawishiwa. Chombo kimoja cha kitaalamu, chenye mikataba mikubwa na usimamizi wa aina moja, kilikuwa jibu la busara kwa tatizo la kihandisi.

Ila tatizo halikuwa la kihandisi peke yake. Kuamua kama fedha zilizopo ziende kwenye mitaro ya Manzese au kwenye lami ya Masaki si kazi ya mhandisi. Mhandisi atakuambia kila moja itagharimu kiasi gani na itadumu muda gani. Nani apewe kwanza ni siasa kwa maana yake ya asili, na siasa hiyo inahitaji mahali pa kufanyikia. Ilipoondolewa kwenye baraza la madiwani haikufa. Ilihamia kwenye ofisi za mkoa, Dodoma, na kwenye barua za wabunge, mahali ambapo mkazi wa kawaida hana kiti wala sikio.

Fedha zenyewe zina hadithi yake. Chanzo kikuu cha matengenezo ni tozo ya mafuta inayopita Mfuko wa Barabara. Kwa miaka mingi mgawanyo ulikuwa asilimia 70 kwa TANROADS na asilimia 30 kwa barabara za wilaya. Tuangalie mtandao wenyewe: TARURA inasimamia zaidi ya kilomita 144,000, TANROADS takriban 36,000. Ni kweli kwamba barabara kuu hubeba malori mazito na hugharimu zaidi kwa kila kilomita, kwa hiyo hesabu ya moja kwa moja ingepotosha. Pengo lilikuwa kubwa hata hivyo, na serikali ililitambua pale bajeti ya mwaka 2021/22 ilipoongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli mahususi kwa barabara za TARURA. Hatua hiyo ilileta nafuu ya kweli. Dereva wa bajaji wa Tandika huichangia kila anapojaza mafuta. Diwani wake hana kura juu ya shilingi hata moja ya fedha hizo.

Kodi ya majengo inaonyesha jambo hili vizuri zaidi, kwa kuwa kila kaya inaigusa. Kwa nadharia na kwa desturi ya dunia, hii ndiyo kodi ya jiji kuliko zote: barabara inapopita mbele ya nyumba, thamani ya nyumba hupanda, kodi hupanda, na jiji hurejesha gharama yake. Kamba hiyo inayofunga barabara na mfuko imekatwa mara kadhaa. Dar es Salaam, Mamlaka ya Mapato (TRA) ilikusanya kodi hii tangu 2008, ikarudishwa kwa manispaa mwaka 2014, kisha 2016 ikachukuliwa tena. Mwaka 2018 kikaja kiwango kimoja kwa wote, shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na 50,000 kwa kila ghorofa. Tangu Agosti 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi shilingi 18,000 na 90,000.

Hebu tuitazame kwa karibu. Mama ntilie wa Buguruni ananunua umeme wa shilingi 5,000 kwa simu. Ujumbe unaoingia una tarakimu ishirini za tokeni, uniti alizopata, na mstari mmoja wa makato: shilingi 1,500 kwa mwezi. Nyumba si yake, amepanga chumba kimoja. Kisheria anaweza kumdai mwenye nyumba, ingawa sijaona wapangaji wengi wakithubutu. Nyumba ya vyumba vinne vya udongo na saruji huko bondeni inakatwa sawa na nyumba ya chini yenye bustani na bwawa la kuogelea kule Oysterbay. Kwa ukusanyaji, mfumo huu ni hodari, tena ni nafuu kuuendesha. Ila umeondoa maana ya kodi. Mlipaji hajui analipia barabara ipi, na halmashauri inayorejeshewa sehemu tu ya makusanyo haina sababu ya kuhangaikia thamani ya nyumba wala ya mtaa.

Vilivyosalia kwa halmashauri ni ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni, leseni, ushuru wa masoko na vibali vya ujenzi. Kwa Ilala, yenye Kariakoo na Posta ndani yake, hizo si fedha haba. Kwa Kigamboni ni habari nyingine. Katika hizo, asilimia 10 inapaswa kutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na miongozo ya bajeti kutoka juu huelekeza sehemu kubwa ya salio. Uhuru wa baraza kupanga ni mdogo kuliko ukubwa wa vitabu vyake vya hesabu.

Kisha kuna mto Msimbazi, ambao hausomi mipaka ya utawala. Unateremka kutoka milima ya Pugu, unapita maeneo ya halmashauri zaidi ya moja na kumwaga maji yake baharini karibu na daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya walionusurika walihamishiwa Mabwepande. Kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Jangwani, kilichojengwa katika bonde hilohilo, kimefurika tena na tena. Barabara na mtaro ni kitu kimoja. Maji yanayotoka kwenye lami mpya ya juu huishia kwenye nyumba ya bondeni. Hata hivyo, Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ya zamani, iliyokuwa juu ya manispaa zote, ilivunjwa, na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Ile ya zamani ilikuwa dhaifu, ikitegemea michango ya manispaa, na posho za vikao vyake zilikuwa mzaha wa mji. Dawa ilikuwa kuitia nguvu. Kilichofanyika ni kwamba mkoa wenye wakazi 5,383,728 kwa sensa ya 2022 hauna baraza lolote la kuchaguliwa linaloutazama mji mzima. Mradi wa bonde la Msimbazi, uliopata dola milioni 200 za Benki ya Dunia mwaka 2022, unaendeshwa kutoka serikali kuu kwa sababu chini yake hapana pa kuukabidhi.

Mkopo huo si wa kwanza. Mradi wa kuendeleza Jiji la Dar es Salaam (DMDP), ulioanza mwaka 2015 kwa dola milioni 300 kutoka benki hiyohiyo, ulileta lami, mitaro, taa na masoko katika mitaa ambayo ilikuwa imekata tamaa. Ulianza ukiwa wa manispaa tatu za wakati ule. Ukilinganisha na Hanna Nassif, makazi yasiyopimwa ya Kinondoni ambayo katika miaka ya tisini yaliboreshwa kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wengine, tofauti inavutia. Kule wakazi waliunda kamati yao, wakachangia, na wengi wakachimba mitaro kwa ujira. Kazi ilikuwa ndogo, na matatizo ya taka na matunzo hayakukosekana baadaye. Lakini mkazi alijua mtaro umegharimu nini na nani alishika fedha. Maarifa hayo hayapatikani kwa kusoma kibao cha mradi kilichojaa majina ya mwajiri, mkandarasi na mhandisi mshauri, bila jina la mtaa.

Nageukia mikusanyiko, jambo ambalo wachumi hulipita haraka. Mbio za Mwenge wa Uhuru hufika kila halmashauri kila mwaka, zikizindua miradi na kuweka mawe ya msingi. Michango yake imenung'unikiwa kwa miaka mingi, na manung'uniko hayo yana msingi. Ila tusidharau kinachotokea pale: kiongozi wa mbio hukagua nyaraka hadharani, huuliza bei ya nondo, na mara nyingine hukataa kuzindua. Ni moja ya nafasi chache ambapo mhandisi hujibu maswali ya fedha mbele ya umati. Inasikitisha kwamba anayeuliza ni mgeni wa siku moja aliyeteuliwa, wakati mkazi atakayeitumia barabara hiyo miaka ishirini yupo nyuma ya kamba.

Mkutano wa mtaa ungepaswa kuwa mahali pa mkazi huyo. Mwenyekiti hufungua, mtendaji husoma mapato na matumizi, halafu mengineyo, na katika mengineyo mtu wa tatu au wa nne husimama kuulizia barabara. Jibu limekuwa moja tangu 2017: suala hilo ni la TARURA, tutawaandikia. Baada ya kulisikia mara kadhaa watu huacha kuja, na akidi inakuwa shida. Wanaolalamika kwamba wakazi wa Dar es Salaam hawapendi mikutano wangejiuliza kwanza mikutano hiyo ina uwezo wa kuamua nini.

Nairobi ilipita njia inayofanana. Februari 2020 gavana wake alitia saini kukabidhi afya, uchukuzi, mipango na ujenzi kwa serikali kuu, na chombo kilichoongozwa na Meja Jenerali Mohamed Badi kikaendesha kazi hizo hadi 2022. Ukosoaji ulikuwa mkali, tena wa haki. Hata hivyo, Katiba ya 2010 ilitaka uhamisho ufanyike kwa makubaliano, hati ikatiwa saini ikiwa na ukomo wa muda, na madaraka yakarudi kaunti. Katiba yetu nayo, katika Ibara ya 146, inataja kupeleka madaraka kwa wananchi kuwa ndilo lengo la serikali za mitaa. Uhamisho wa 2017 haukuwekewa ukomo wowote.

Sipendekezi TARURA ivunjwe. Ibaki na wahandisi wake na mikataba yake, lakini mpango wake wa mwaka kwa kila halmashauri upigiwe kura na baraza la madiwani, si kuwasilishwa kwa taarifa tu, na meneja wake wa wilaya afike kwenye mikutano ya mitaa na gharama za kila barabara mkononi. Kodi ya majengo irudi yote kwa halmashauri, kwa viwango vinavyofuata thamani. LUKU inaweza kuendelea kuwa njia ya kukusanya. Na mji mzima upate baraza moja la kuchaguliwa lenye mamlaka juu ya mitaro na usafiri. Madiwani hawawezi kujipa haya. Bunge linaweza, na pa kuanzia ni sheria ya fedha ya mwaka, katika mgawanyo wa kodi ya majengo.