Sanamu za Kauri za "Mataifa ya Urusi"

"Mataifa ya Urusi" ni jina la sanamu ndogo za kauri zilizotengenezwa katika Milki ya Urusi kuanzia miaka ya 1780 hadi 1917. Kila moja inaonyesha mwanamume au mwanamke wa kabila fulani akiwa na mavazi ya kwao. Wamo wenyeji wa Siberia na nchi za baridi kali: Wasamoyedi, Watungusi, Wayakuti, Wakamchadali. Vitabu vya leo huwataja wengi wao kwa majina yao wenyewe, kama Wanenetsi, Waevenki na Wasakha, lakini orodha za minada bado zinafuata majina ya zamani.

Kiwanda cha Kifalme cha Kauri kilianzishwa St. Petersburg mwaka 1744 kwa amri ya Malkia Elizaveta, na Dmitry Vinogradov ndiye aliyefumbua siri ya kauri ngumu huko. Enzi za Malkia Ekaterina II, kazi ya sanamu ilishikwa na Jean-Dominique Rachette, mchongaji mzaliwa wa Copenhagen aliyefika Urusi mwaka 1779. Rachette alitegemea michoro ya kitabu cha Johann Gottlieb Georgi kuhusu mataifa ya milki hiyo, kilichoanza kutoka mwaka 1776. Ndiyo maana manyoya, shanga na kofia zimeshughulikiwa kwa makini, ilhali nyuso na mikao mara nyingi ni ya Kizungu mno: mwindaji wa Siberia husimama kama mcheza dansi wa ikulu.

Kiwanda binafsi cha Francis Gardner, mfanyabiashara Mwingereza aliyekianzisha Verbilki karibu na Moscow mwaka 1766, nacho kilitoa sanamu za aina hii. Katika karne ya 19 zake nyingi zilikuwa za kauri isiyong'arishwa, iliyopakwa rangi zilizofifia.

Mkusanyo mkubwa zaidi uliagizwa na Tsari Nikolai II mwaka 1907. Pavel Kamensky alichonga sanamu zaidi ya 70, nyingi zikikaribia kimo cha sentimita 40, na safari hii wataalamu wa jumba la makumbusho la Kunstkamera walikagua sura na mavazi. Kwa usahihi hazina mpinzani. Hata hivyo, lengo halikuwa kumjua mtu fulani wa kabila la Wachukchi kwa jina lake. Lilikuwa kuonyesha upana wa dola kupitia raia wake, waliopangwa kabatini kama vielelezo.

Kila sanamu ilimwagwa vipande vipande katika kalibu za plasta, kisha kichwa, mikono na kiwiliwili vikaunganishwa kabla ya kuchomwa. Rangi na dhahabu zilifuata, na kuchomwa tena kwa moto mdogo.

Kwa mnunuzi, alama iliyo chini ya kitako haitoshi kuthibitisha umri, kwa kuwa alama huigwa. Atazame kwanza ubora wa vidole, mishono ya nguo na rangi ya uso.