Divai katikati ya bahari: nani anapanga bei?



Sisi wa agronomia tunafundishwa hivi tangu mwaka wa kwanza mu oditwari: udongo mzuri, mbegu nzuri, mavuno mazuri, kiisha bei nzuri. Zile hatua tatu za kwanza ziko za kweli. Ya nne njo nataka tuizungumzie leo. Nitawapeleka mbali kidogo na mashamba yetu, mpaka ku meza za meli kubwa za anasa, zile zinazotembeza matajiri baharini wiki mbili ao miezi miwili, na ku orodha ya divai inayowekwa mbele yao wakati wa chakula cha jioni.

Kwa nini divai? Juu ni mazao machache sana ya shamba ambayo watu wameandika bei yake kwa uangalifu vile, chupa kwa chupa, zaidi ya miaka 150. Na kwa nini meli? Juu meli ni duka ambalo mnunuzi hawezi kutoka aende kuuliza bei kwa jirani. Hata huku kwetu, mtu aliyepanda bato ya Goma na Bukavu anajua: Fanta ya ku bandari na Fanta ya katikati ya ziwa ni chupa moja, bei mbili. Ukitaka kuona bei inatoka wapi, iangalie pale ambapo mlango umefungwa.

1. Wakati divai ilikuwa ndani ya tiketi

Tarehe 4 Julai 1840, meli Britannia ya Samuel Cunard iliondoka Liverpool kuelekea Halifax na Boston. Ilikuwa ya mbao, inaendeshwa na mvuke, ina nafasi ya abiria 115 hivi, na ilibeba hata ng'ombe mmoja kwa ajili ya maziwa. Bei ya tangazo: gini 34 mpaka Halifax, gini 38 mpaka Boston, chakula na divai ndani. (Gini moja ilikuwa pauni moja na shilingi moja.)

Hakukuwa shida ya kuchagua chupa ya bei gani. Ukishalipa, unakunywa. Cunard aliweza kufanya vile juu pesa yake ya hakika ilitoka mu mkataba wa kubeba barua za serikali ya Uingereza, na pia juu mwenye kulipa gini 38 alikuwa tayari mtu mwenye mali. Divai ilikuwa heshima ya mgeni.

Kiisha kampuni zikaongezeka, meli zikawa kubwa, zikaanza kushindana kwa tiketi ya bei ya chini. Ukitaka kushusha tiketi, lazima utoe kitu ndani yake. Divai njo ilitoka. Ikapata karatasi yake yenyewe, na bei yake yenyewe.

2. Orodha iliyoandikwa na madalali

Mu mwaka wa 1855 Paris iliandaa maonyesho makubwa ya dunia, chini ya Napoleon III. Bordeaux ilitaka kuonyesha divai zake. Chama cha biashara cha ule mji kikaomba madalali waandike orodha ya divai nyekundu bora, kwa madaraja matano. Wandugu, fikirini: walipima nini? Udongo? Mvua? Umri wa mizabibu? Hapana. Walifungua vitabu vyao vya mauzo, wakapanga mashamba kufuatana na bei ambayo divai yake ilikuwa imezoea kupata sokoni. Juu kabisa wakaweka majina manne: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Toka wakati ule, shamba moja tu limepandishwa daraja: Mouton, mu mwaka wa 1973.

Kwa hiyo bei ya zamani iliandika daraja, na daraja likaanza kuandika bei ya kesho. Udongo wa pale ni mzuri, hakuna mwenye anabisha. Lakini aliyeshika kalamu alikuwa mchuuzi.

Kwa meli, orodha ya vile ilikuwa msaada mkubwa. Abiria anayekaa mezani mu Atlantiki hawezi kuonja chupa ishirini mbele ya kuchagua. Anasoma jina. Jina linalojulikana London, Hamburg na New York linauzika bila maelezo, na bei yake haiulizwi sana.

3. Meli ilileta pia ugonjwa

Hapa naomba ruhusa ya kuongea kama mtu wa mimea. Kuanzia miaka ya 1860, mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kukauka bila mtu kujua sababu. Mu 1868 Jules Émile Planchon na wenzake walichimba mizizi, wakakuta kadudu kadogo sana, filoksera, kalikotoka Amerika. Wakati wa meli za tanga safari ilikuwa ndefu, na mara mingi kale kadudu kalikufa njiani pamoja na miche. Meli za mvuke zilipofupisha njia, miche ikafika ingali mibichi, na kadudu kakafika kazima. Njo maelezo ambayo wanahistoria wengi wanayatoa.

Dawa iliyoshinda mpaka leo ni kupandikiza: mzabibu wa Ulaya juu ya shina la Amerika, ambalo mizizi yake inavumilia. Basi ile mvuke iliyopeleka mabwana na chupa zao mezani ndiyo ilifungulia njia mdudu aliyefilisi wakulima maelfu. Hasara ilibaki shambani. Orodha ya 1855 haikuguswa.

4. Safari ya kutembea tu

Mu majira ya baridi Atlantiki ya kaskazini ni mbaya, abiria ni wachache, meli zinakaa bure. Albert Ballin, wa kampuni HAPAG ya Hamburg, aliona ile hasara. Tarehe 22 Januari 1891 akatuma meli yake Augusta Victoria kutoka Cuxhaven mpaka Mediterania, na abiria 241, karibu miezi miwili, kwa kutembea na kuona tu. Wengi wanaihesabu kama mwanzo wa safari za anasa kama tunavyozijua.

Ona mabadiliko. Msafiri wa Britannia alitaka kufika. Msafiri wa Ballin hana haraka: siku zake zote ziko za kula, kunywa na kutazama. Chupa ya divai haikuwa tena kitu cha kupoza safari, ikawa sehemu ya kile alicholipia.

Wafaransa walichagua njia yao. Ku meli za Compagnie Générale Transatlantique, pamoja na ile Normandie iliyoanza safari Mei 1935, divai ya kawaida ya mezani ilikuwa bure, nyekundu na nyeupe. Mwenye kutaka jina kubwa, analipa. Ile mbinu ya milango miwili, wa bure na wa kulipa, muikumbuke. Itarudi.

5. Sheria ilipofunga bar

Januari 1920 Marekani ilikataza pombe. Oktoba 1922 mwanasheria mkuu wa serikali, Harry Daugherty, akasema hata meli za Kimarekani zikiwa mbali baharini zisiuze. Aprili 1923 Mahakama Kuu ikaamua kwamba meli za kigeni pia haziruhusiwi kuingia na pombe mu maji ya Marekani, lakini sheria haizifuati meli za Marekani zenyewe nje ya maji yale. Hata hivyo, meli za serikali kama Leviathan ziliendelea kusafiri kavu. Mu 1924 Uingereza ikapata makubaliano: meli zake ziingie New York na pombe yao, mradi iwe imefungwa kwa muhuri.

Matokeo? Abiria wengi Waamerika, pamoja na wale waliosifia sheria mbele ya watu, wakachagua bendera ya Uingereza ao ya Ufaransa. Zikazaliwa hata safari fupi zisizokwenda popote: meli inatoka bandarini, inapita mpaka wa maji, bar inafunguliwa, kiisha inarudi. Watu walikuwa wakilipia mahali ambapo chupa inafunguliwa. Marufuku iliisha tarehe 5 Desemba 1933, lakini kampuni za meli zilikuwa zimeshajifunza somo: mahali panauzwa.

6. Tiketi rahisi, chupa ghali

Mu 1958 ndege za jeti zilianza kuvuka Atlantiki na abiria. Kwa miaka michache meli za kufikisha watu zikakosa kazi. Hata France, iliyoanza safari 1962, iliwekwa pembeni 1974. Meli zilizobaki zikageukia kutembeza watu.

Sasa hapa njia zikagawanyika. Mu 1972 Ted Arison alianzisha Carnival kule Miami, kwa wazo la watu wengi na tiketi ya kufikiwa. Pesa nyingine itatoka mu bar, mu kamari na matembezi. Lile wazo limekua. Mu 2023 kundi la Carnival liliingiza karibu dola bilioni 21.6: bilioni 14.1 za tiketi, na bilioni 7.5 za vitu vinavyolipwa nje ya tiketi. Ni kama dola moja kwa kila tatu.

Upande wa pili, mu 1984 ikatokea Sea Goddess I, ya abiria 120 hivi tu, na vinywaji vikarudi ndani ya tiketi, sawa vile mu 1840. Silversea, iliyoanza 1994, ikafuata njia ileile. Lakini soma vizuri: meli za namna hii zina divai iliyo ndani ya tiketi, kiisha zina karatasi nyingine ya kulipa, yenye yale majina ya 1855. Milango miwili ya Wafaransa.

Tufanye hesabu ya mfano, namba ni zangu. Meli inanunua chupa kwa dola 10, inaiuza 40. Juu yake inaongeza huduma ya asilimia 18, kiwango cha kawaida baharini: unalipa 47.20. Chupa ya dola 100 inauzwa 200, na huduma inafika 236. Bei ya chupa ndogo imezidishwa mara nne, ya kubwa mara mbili tu. Lakini ile kubwa imeacha faida ya dola 100, ndogo imeacha 30. Njo sababu mhudumu anakupendekezea ya juu kwa tabasamu. Na ukinunua kwa glasi? Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano. Glasi ikiuzwa dola 10, ile ya kwanza imeshalipa chupa mzima. Nne zinazobaki ni za meli. Ukileta chupa yako kutoka nyumbani, kampuni mingi zinakubali moja kwa kila mtu mzima, lakini ukiifungua mezani unalipa dola 15, 20 ao zaidi kwa kuifungua tu. Pale hawauzi hata tone la divai. Wanauza meza.

7. Na mkulima je?

Mu 2023, kule kule Bordeaux, serikali na wafanyabiashara wa divai walitangaza mpango wa kulipa wakulima euro 6,000 kwa hekta ili wang'oe mizabibu yao, mpaka karibu hekta 9,500. Divai yao ya kawaida ilikuwa haifuniki tena gharama ya shamba. Ni jimbo moja na Lafite na Margaux, hali ya hewa ni moja, chuo cha agronomia ni kimoja. Tofauti kubwa ni kwamba majina ya hawa hayakuandikwa ku karatasi ya 1855, wala hayasomwi na mtu aliyeketi mezani baharini.

Wandugu, sisemi ubora ni bure. Bila ubora hata orodha inaanguka siku moja. Nasema ubora peke yake haujui njia ya kufika ku bei. Kahawa yetu ya arabika ya Kivu inaweza kuota vizuri namna gani, kama aliyeionja, aliyeiandika daraja na aliyejua bei ya mwisho wote wako ng'ambo, sisi tutabaki wa mfuko na mizani. Ndiyo sababu naona mashindano ya kuonja kahawa kama Saveur du Kivu ni kitu cha maana kupita sherehe: kalamu ya kupanga daraja inashikwa angalau kidogo huku kwetu, na jina la kooperativa linatoka pamoja na pointi zake.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika memwari mwaka huu: pamoja na mavuno kwa hekta, ongezeni ukurasa mmoja. Fuateni kilo moja ya zao lenu mpaka ku meza ya mwisho, mwandike nani ameongeza bei wapi, na kwa sababu gani. Mimi nilimaliza lisansi yangu bila mwalimu hata mmoja kuniuliza lile swali. Ninyi msingoje kuulizwa.